Hema nyepesi, mvua nzito

Tafakari ya juma. Masomo: Hesabu 9:15–23, Hesabu 4:29–33, Mwanzo 23.

Wana wa Israeli hawakuambiwa watakaa siku ngapi. Hiyo ndiyo habari ya nusu ya pili ya sura ya tisa ya Hesabu, na msomaji mwenye haraka huiruka kwa sababu inarudia jambo lilelile: wingu likitua juu ya maskani, watu wanapiga kambi, likiinuka, wanang'oa vigingi na kwenda. Mara nyingine lilitua jioni likainuka asubuhi. Mara nyingine siku mbili, mara nyingine mwezi, mara nyingine zaidi ya hapo. Hakuna aliyepewa ratiba, hata Musa.

Sasa mfikirie mtu anayechagua hema katika hali hiyo. Akichukua nyepesi mno, mwezi wa pili itampasukia. Akichukua nzito, siku wingu linapoinuka alfajiri yeye atabaki nyuma akihangaika na mizigo. Wanaotengeneza mahema leo bado wanahangaika na fumbo hilo, na hakuna aliyelimaliza. Uepesi, uimara na nafasi ya kugeuka usingizini havikai pamoja kwa amani. Ukizidisha kimoja, kingine kinalipa.

Nimeanza na habari hii kwa sababu vijana wetu wa kwaya wanajiandaa kwa matembezi ya kiangazi: siku chache kwa miguu kwenye vilima, kuelekea upande wa mto Ruvubu, wa kambi ya wakimbizi pamoja na wa vijijini, wale wa kambini na karatasi zao za ruhusa mfukoni. Wameahidiwa kuazimwa mahema madogo ya kubeba mgongoni, ya aina kadhaa, wachague wenyewe. Wakaja kuniuliza: Mchungaji, tuchukue yapi?

Swali la hema likiulizwa hapa Gasorwe, Burundi, lina uzito ambao halina mahali pengine. Kambi ya wakimbizi ya Kinama iko hapa kwetu tangu miaka ya mwanzo ya 2000. (Tangu mwaka 2025 ramani inatuweka katika mkoa wa Buhumuza, lakini sokoni watu bado wanasema Muyinga, na mimi nitaendelea na watu wa sokoni.) Hema ya familia ambayo HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, huwapa wakimbizi ina chumba cha mita 4 kwa 4 na vibaraza viwili, ina uzito unaopita kilo 50, na imeundwa idumu mwaka mmoja hivi. Ni ya dharura, haijifanyi kitu kingine. Wingu letu lakini lilitua likakaa. Watu walijenga kuta za udongo, wakapanda viazi na maharage penye nafasi, na leo nawabariki watoto ambao mama zao nao walizaliwa Kinama.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana lina sehemu ya vitambaa na kamba, na lina sehemu nyingine, na zote mbili zinatoka mahali pamoja. Uepesi ni wa njiani. Ukishafika, hata kama ni kwa usiku mmoja, simika hema yako kikamilifu. Hesabu 9 haisemi kwamba pale wingu lilipokaa usiku mmoja tu, Walawi walisimamisha nusu ya maskani na kuacha mbao nyingine kwenye magari. Walisimamisha yote, wakijua kwamba huenda asubuhi wataibomoa yote.

Tuanze na vitambaa. Mahema ya mgongoni ni ya namna mbili kubwa. Kuna yenye ukuta mmoja, na kuna yenye kuta mbili: ya ndani ya neti au kitambaa chepesi, ya juu isiyopitisha maji, na katikati nafasi ya hewa. Ya ukuta mmoja ni nyepesi zaidi, na kijana anayehesabu gramu ataililia. Mimi nasema chukueni ya kuta mbili. Sababu ni pumzi zenu. Mtu aliyelala hutoa maji usiku kucha kwa kupumua, na mvuke huo wa joto ukigusa kitambaa kilichopoa hugeuka matone. Aliyewahi kulala chini ya shitingi, lile turubai la plastiki, anaijua asubuhi hiyo: nje hakuna mvua iliyonyesha, mbingu safi, na bado blanketi limelowa. Watoto husema paa limevuja. Halikuvuja, ni familia nzima imepumulia plastiki usiku kucha. Hema ya kuta mbili hukusanya matone hayo kwenye ukuta wa nje, yakateremka hadi chini bila kumgusa aliyelala. Na hata hiyo haina maana mkiziba matundu yake ya hewa. Kijana anayefunga kila zipu kwa kuogopa mvua ataloweshwa na yeye mwenyewe.

Fundi wa maskani aliyajua haya kabla yetu. Someni Kutoka 26. Ndani kulikuwa na mapazia ya kitani yaliyotariziwa makerubi, ambayo aliye nje hakuyaona kamwe. Juu yake mapazia kumi na moja ya singa za mbuzi, kila moja mikono 30 kwa 4. Juu yake ngozi za kondoo zilizotiwa rangi nyekundu, na juu kabisa ngozi nyingine ngumu za kupigwa na jua. Singa za mbuzi zina tabia nzuri: zikikauka zinaacha nafasi ndogo, moshi na joto vikatoka, zikilowa nyuzi zinavimba na kuziba nafasi hizo. Wafugaji wa jangwani waliishi chini ya kitambaa hicho karne nyingi. Tarso, mji wa Paulo, ulikuwa Kilikia, na Kilikia ilijulikana kwa kitambaa cha namna hiyo hata kikaitwa kwa jina la jimbo.

Na hapa naomba tukae kidogo na Paulo, kwa sababu Matendo 18 tunaisoma mbiombio tukikimbilia mahubiri yake. Alipofika Korintho alipata kazi kwa mume na mke, Akila na Prisila, ambao ufundi wao ulikuwa kushona mahema. Kwa nini walikuwa Korintho? Kwa sababu Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi watoke Rumi. Walikuwa watu waliofukuzwa mjini mwao. Nyumba iliyompokea mtume, ikampa mlo na kiti cha kufanyia kazi, ilikuwa nyumba ya watu waliohamishwa kwa nguvu, wakishona mahema ya watu wengine. Miaka michache baadaye aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili huu ni hema inayochakaa. Walioipokea barua hiyo walikuwa wamemwona na sindano mkononi, na walijua kwamba anajua mshono unaanza kufunguka upande gani.

Turudi kwenye mizigo. Kitambaa cha mahema ya leo mara nyingi ni nailoni au poliesta. Nailoni ni imara kwa uzito wake, lakini ina kasoro moja inayowashangaza wengi: ikilowa inanyumbuka. Umesimika jioni, kitambaa kimekaza vizuri. Usiku mvua ikija, kitambaa kinalegea, kinagusa ukuta wa ndani, na maji yanapata njia. Poliesta hainyumbuki sana. Mkipata ya nailoni, msiikatae, ila mjue kwamba lazima mmoja wenu atoke usiku kukaza kamba. Hili nitalirudia. Jua la huku juu nalo linaila nailoni. Hema iliyoachwa wima mchana kutwa miezi kadhaa huja kuchanika kwa kidole. Mkiamka, ikunjeni.

Halafu kuna umbo. Hema ya mviringo, yenye fito mbili au zaidi zinazopishana, husimama hata bila vigingi, na wauzaji huisifia kwa hilo. Hema inayojisimamia ni hema inayojiondokea. Upepo wa mchana ukiikuta tupu juani, itashuka kilima mbele ya macho yenu. Ile ndefu ya matao, yenye mgongo unaoshuka nyuma, ni nyepesi na haiyumbi katika upepo, lakini lazima ielekezwe vizuri na ivutwe mbele na nyuma, la sivyo inalala chini. Kwa matembezi ya kiangazi penye upepo wa upande mmoja, ya matao itawafaa. Kwa miezi ya mvua, dhoruba inapokuja na kugeuka, ningechukua ya mviringo na kuifunga kamba pande zote nne.

Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba inapoanza, upepo hutoka mashariki na kusini-mashariki, upande wa Tanzania, mkavu na wenye vumbi. Elekezeni mgongo wa hema huko, mlango upande wa pili. Mchana ni joto. Usiku, katika vilima hivi vya zaidi ya mita 1,500, ni baridi ambayo watu wa Bujumbura hawaiamini mpaka waje. Mbingu ikiwa wazi, joto la ardhi linapanda na kupotea, hewa baridi inakuwa nzito na kuteremka hadi bondeni, na kunapokucha bonde limejaa ukungu. Aliyelala chini kando ya mafunjo ameamka amelowa na anatetemeka. Aliyelala kwenye kilele amepigwa na upepo usiku kucha. Mahali pazuri ni katikati ya mteremko, penye mwinamo mdogo tu, kichwa kikiwa juu.

Lutu alichagua kwa macho. Mwanzo 13 inasema aliinua macho akaona bonde lina maji mengi, akaenda huko, akaendelea kusogeza hema yake hadi karibu na Sodoma. Wahubiri husema alivutwa na dhambi ya mji. Labda. Mimi naona kwanza mtu aliyechagua mahali pa hema kwa ubichi wa majani. Mkifika upande wa Ruvubu mtaona majani mabichi hivyohivyo, na kando yake njia pana zilizokanyagwa, zinazopanda kutoka mtoni. Hizo ni za viboko, wanaotoka majini usiku kwenda kula. Hifadhi ya Ruvubu ilianzishwa mwaka 1980, ina zaidi ya kilomita za mraba 500, na ndani yake mna nyati pia. Ndani ya hifadhi mtalala pale walinzi watakapowaonyesha, hata kama ninyi mmeona pazuri zaidi.

Masika ni habari nyingine, nayo nawaandikia wale watakaotaka kwenda tena mwezi wa nne bila kuniuliza. Mvua zetu kubwa, Februari hadi Mei, na zile za kuanzia Septemba, mara nyingi huja alasiri na radi. Kabla ya tone la kwanza huja upepo wa baridi uliosukumwa na wingu lenyewe, na upepo huo haufuati ule uliokuwa ukivuma tangu asubuhi; unaweza kutoka upande uleule mlioelekeza mlango. Kwa hiyo katika masika msiamini upepo wa saa sita. Fungeni kamba zote, hata zile zinazoonekana za ziada. Fundi hakuzishona kwa urembo. Msilale chini ya mti uliosimama peke yake, wala chini ya mkaratusi mkubwa, ambao huangusha matawi bila onyo. Radi zikikaribia, hema haiwakingi kitu. Ingieni katika nyumba ya kweli kama ipo, na kama haipo, shukeni kutoka mgongo wa kilima.

Udongo wetu mwekundu nao una tabia mbili. Kiangazi ni mgumu, na vile vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja na mahema vitapinda kwenye pigo la pili. Masika ni laini, na vigingi hivyohivyo vitachomoka vyenyewe kabla ya saa nne usiku. Chongeni vya mti, virefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kigingi kipigwe kichwa chake kikiegemea mbali na hema, ili kamba na kigingi vikutane kwa pembe mraba. Kikiegemea upande wa hema, kamba itateleza na kutoka. Penye mchanga au tope, fukieni kipande cha mti kikiwa kimelala, kamba imefungwa katikati yake, kisha kanyageni udongo juu yake. Kilichozikwa hivyo hakitoki.

Na kwa wale ambao mahema ya kuazima hayatawatosha, kuna shitingi. Ile ya HCR ni mita 4 kwa 5, uzito wake kama kilo 4, na pembeni ina vitundu vya kufungia. Ukiwa na kamba ndefu kati ya miti miwili, vijiti viwili na vigingi sita, unayo hema. Siku ya joto, pandisheni kamba juu na kuacha pande wazi. Usiku wa upepo na mvua, ishusheni hadi mtu aingie kwa magoti, na upande wa upepo uguse ardhi. Tundu likichanika, na huchanika, wazee wa Kinama wana dawa. Nimewatazama mara nyingi. Mama anaokota kokoto laini, linalojaa kiganja, lisilo na ncha kali. Analiweka chini ya plastiki, mahali anapotaka kamba ishike, analizungushia plastiki hiyo kama mtu anavyofunga sarafu kwenye pindo la kitenge, kisha anapitisha kitanzi shingoni mwa kokoto hilo na kuvuta. Hakuna tundu lililotobolewa, kwa hiyo hakuna mahali pa kuanzia kuchanika. Kadiri upepo unavyovuta, ndivyo kitanzi kinavyokaza. Atawaonyesha kwa dakika moja, na hatawaambia alijifunzia wapi, kwa sababu alijifunzia njiani.

Jambo moja naliweka peke yake maana si la ufundi. Msiingize jiko la makaa ndani ya hema. Baridi iwe kali namna gani, mvua iwe kubwa namna gani, makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na walio ndani hulala wasiamke. Pikeni nje, kuleni baridi ikibidi.

Sasa somo la pili, ambalo ndilo nalipenda zaidi katika yote, ingawa sijawahi kusikia mtu akilichagua kwa mahubiri ya harusi. Hesabu 4 inagawa mizigo ya maskani. Wana wa Kohathi wanabeba vitu vitakatifu: sanduku, meza, kinara, madhabahu. Wana wa Gershoni wanabeba mapazia. Wana wa Merari wanabeba mbao, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Na kwa Merari peke yake Bwana anaongeza agizo: kila chombo watakachobeba kiandikwe kwa jina lake. Sanduku la agano haliwezi kusahaulika nyikani. Kila mtu anajua liko wapi. Kigingi kinasahaulika. Kinabaki ardhini wakati wa kuondoka, kinaangukia kwenye majani, kinatumika kufungia mbuzi. Basi Mungu anataka kila kigingi kiwe na mtu wake. Sura ya saba inaongeza kwamba Gershoni walipewa magari mawili na ng'ombe wanne, Merari magari manne na ng'ombe wanane. Kohathi hawakupewa gari, maana vyao vilibebwa mabegani. Heshima ilikuwa ya Kohathi. Uzito ulikuwa wa Merari.

Hema ya watu wawili hugawanywa njiani: mmoja kitambaa, mwingine fito na vigingi. Mara zote wanagombania kitambaa, kwa sababu kinaitwa hema. Lakini mwenye vigingi akichelewa nyuma, au akipoteza kifuko kwenye kivuko, aliye mbele amebeba shuka tu. Na ndiyo sababu nimesema nitarudia habari ya anayetoka usiku. Katika kila hema teueni mtu wa kamba. Mvua ikianza saa nane, yeye ndiye anayevaa koti, anayezunguka na tochi, anavuta kamba moja baada ya nyingine, anarudi ndani amelowa mgongo, na asubuhi wenzake wanasema usiku ulikuwa shwari. Kanisa letu lina watu wa namna hii. Siwataji, maana watakasirika.

Lakini kuna namna ya kuhubiri habari za hema ambayo naikataa, na naisikia mara nyingi, hata kutoka kwa wageni wanaokuja kututia moyo. Mhubiri anasimama mbele ya watu walioishi chini ya shitingi miaka ishirini na kuwaambia: dunia hii si kwetu, sisi ni wapitaji, msishikilie vitu. Kisha anapanda gari. Uepesi ni neema kwa aliyeuchagua. Kijana anayepima hema ya kilo moja na nusu na kuifurahia ana nyumba ya kurudia Jumapili jioni. Aliyevuka mto usiku na mtoto mgongoni hakuchagua kubeba kidogo. Mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu, Congo, mwezi wa Februari, maelfu walivuka mto Rusizi kuja Burundi, na wengi wao walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke, katika msimu wa mvua, kabla baadhi yao hawajapelekwa Musenyi huko Rutana. Kuwahubiria hao kutoshikilia vitu ni kuwafundisha samaki kuogelea. Wapeni shitingi kwanza, na vigingi.

Wala hema si ngao. Usiku wa Agosti 13, 2004, huko Gatumba, zaidi ya watu 150 waliuawa katika kambi ya muda ya wakimbizi walimokuwa wamelala ndani ya mahema, wengi wao Wakongo wa jamii ya Banyamulenge. Wamo kati yetu wanaohesabu ndugu zao kwa tarehe hiyo. Baadhi ya walionusurika walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na wingu lao likainuka kweli. Wengine faili zao ziliendelea kusubiri. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na nchi nyingi za ukanda huu zina familia zilizokuwa zimekwisha kugawa masufuria na kuagana na majirani. Mtu aliyegawa masufuria halafu akabaki, anaishije kesho yake? Hilo ndilo swali la Hesabu 9, na si la kale.

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kungoja. Nitamwoa tukirudi. Mtoto ataanza shule tukifika. Sijiungi na kikundi cha akiba, sisi ni wa kuondoka. Naielewa sauti hiyo, na simlaumu mtu. Lakini angalieni Ibrahimu. Alikaa katika mahema katika nchi ya ahadi. Waebrania 11 inamsifu kwa hilo. Sara alipokufa Hebroni, alisimama mbele ya Wahiti akasema wazi kwamba yeye ni mgeni na mpitaji kati yao. Kisha akaomba kununua mahali pa kumzika. Efroni, mwenye shamba, akamwambia alichukue bure. Ibrahimu akakataa bure. Akapima shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, langoni mwa mji, na shamba na pango na miti iliyokuwa mpakani ikawa yake. Jioni alirudi kulala hemani. Hakuhamia nyumba, hakuacha ahadi, hakusema kwamba safari imekwisha. Alisimika kikamilifu pale wingu lilipokuwa limetua siku hiyo, hadi kaburi.

Yeremia naye aliwaandikia mateka wa Babeli mambo ya namna hiyo katika sura ya 29: wajenge, wapande bustani, waoane, wauombee mema mji walikopelekwa. Na katika barua hiyohiyo akawapa tarehe ya kurudi, miaka sabini. Hakuona kwamba jambo moja linaharibu lingine. Sisi ndio tunaoona hivyo, na tumewafanya watu wasimike nusu: kamba mbili tu, maana kesho tunaondoka. Dhoruba haijali mipango yetu ya kesho. Nawaomba hasa wazee wa kanisa wa vijijini, ninyi wenyeji wa vilima hivi, msiwahesabu ndugu wa Kinama kama washirika wa muda. Wapeni zamu za kufungua kanisa, wapeni funguo za sanduku la sadaka, wachagueni. Wakiondoka, mtachagua wengine.

Vijana, haya ndiyo majibu yangu. Chukueni mawili ya matao na moja la mviringo, yote ya kuta mbili. Pimeni mizigo kabla ya kuondoka, na anayebeba vigingi abebe na maji kidogo tu. Jumamosi saa tatu asubuhi tutayasimika yote uwanjani pa kanisa, kisha tutayabomoa na kuyasimika tena bila mimi kusema neno. Anayeshindwa kuisimika mchana kwenye nyasi hataweza usiku kwenye mvua. Mwenye nyundo alete, mwenye panga la kuchongea alete, na mama wa kokoto amekubali kuja akimaliza kumwagilia mboga. Mwishoni mtayaanika kabla ya kuyakunja, hata kama hayakulowa, ili mzoee. Majina ya watu wa kamba nimeshayapata, matatu. Ya wabeba vigingi bado; wote walioandikwa wanataka kitambaa.